Nyasi za Uwanja wa Parokia

Vijana wapendwa, mwezi wa Agosti, baada ya kazi ya Jumamosi, wajumbe wenu watatu walinijia chini ya mwembe wakiwa na karatasi ya hesabu mkononi. Ilikuwa hesabu ya mifuko ya simenti, mchanga na kokoto. Walitaka uwanja mzima wa parokia, kutoka ngazi za kanisa hadi langoni, umwagiwe simenti kabla ya mvua za kwanza. Sababu zao hazikuwa za kipuuzi: nyasi zimekufa, vumbi linaingia hadi sakristia, na wageni wakija tunaona haya. “Mwalimu,” akaniambia mmoja wao kwa adabu, “tumezihangaikia vya kutosha, zimetushinda.” Niliomba siku chache nipate kujibu. Siku hizo nimezizidisha, mnisamehe, kwa kuwa jibu lenyewe limenirudisha mbali.

Kwanza niungame. Nilipoanza kufundisha nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nami nilikuwa adui mkubwa wa nyasi. Sisi tuliokulia siku za Mobutu tulifundishwa kwa salongo kwamba uwanja safi ni uwanja mtupu, ulioparwa kwa jembe na kufagiwa mpaka michirizi ya ufagio ionekane. Tena nyoka walikuwapo, na hofu ya nyoka si hofu ya bure. Shule yangu ya kwanza ilikuwa mlimani, upande wa juu wa mji, mahali penye mteremko. Kila alipotazamiwa mkaguzi niliwatoa wanafunzi na majembe, nao walipara kila kilichokuwa kijani hadi ukutani. Mkaguzi alisifu. Mwaka wa pili mvua ilichora mfereji mwembamba kando ya darasa; nikaamuru ujazwe changarawe. Mwaka wa tatu mawe ya msingi yalikuwa nje, na usiku mmoja pembe ya ukuta ikaanguka juu ya madawati matupu. Tulimshukuru Mungu kwamba haikuwa saa ya masomo. Watu wote walisema ni mvua. Mimi nilijua ni nani aliyeagiza majembe, na sikusema neno.

Nilipotaka kulipa deni hilo, nililipa kwa kosa jingine. Nilikuwa nimesomea ualimu Bukavu, na huko nilikuwa nimeona nyasi nene, laini, za kijani kibichi hata ukizikalia kwa nguo nyeupe huogopi. Nilipopata nafasi nilijaza gunia vipande vyake pamoja na udongo wake, nikashuka nalo kwa njia ya Ngomo na Kamanyola, nikavipanda hapa parokiani kwa sherehe yangu binafsi. Ndizo nyasi ambazo vitabu huziita kikuyu, kwa jina la watu wa nyanda za juu za Kenya. Ni nyasi za milimani, zipendazo ubaridi na unyevu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Uvira, hapa ufukweni mwa Tanganyika, iko mita 770 hivi. Nusu ya kimo, na jua maradufu. Zilikaa vizuri hadi Mei. Julai zilikuwa majani ya kuwashia moto.

Aliyenicheka, tena kwa upole, alikuwa mzee mlinzi wa lango, Muvira, ambaye sasa amekwisha kutangulia. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna aliyepanda kitu, akanionyesha ukoka. Akavuta shina moja lililotambaa juu ya mchanga. Lilikuwa refu kama mkono wake, na kila kifundo kilikuwa kimeshika ardhi kwa mizizi yake chenyewe. Kisha akafukua kidogo kwa ncha ya panga, akanionyesha mashina mengine meupe yanayotambaa chini kwa chini. “Huyu haombi kuletwa, Mwalimu,” akasema. “Anaomba usimwue tu.”

Kuanzia siku hiyo nilijifunza ukoka kama mtu anavyojifunza lugha, kwa kukosea. Ni mmea wa joto. Hustawi sana hewa inapofika nyuzi 27 hadi 35, yaani siku zetu nyingi za mwaka. Katika nchi zenye baridi kali jamii hii ya nyasi hulala wakati wa baridi. Huku kwetu hakuna baridi ya kuilaza: inalala kwa kiu. Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zinapokatika na milima ya Mitumba juu yetu inapofuka moshi wa mioto ya nyika, majani ya ukoka hugeuka rangi ya nyasi za kuezekea. Yaliyo juu yamekauka, lakini ya chini ya udongo yako hai, yanangoja. Hiyo ndiyo hali mliyoiona mwezi wa Agosti mkaiita kifo.

Mtasema: basi tungezimwagilia. Hesabu hiyo niliifanya zamani, nami nawaalika muirudie. Ili nyasi za namna hii zibaki kijani wakati wa kiangazi zahitaji maji ya kimo cha milimita 25 hivi kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Uwanja wetu una urefu wa mita 30 na upana wa mita 20. Hizo ni lita 15,000, au bidoni 750 za lita ishirini, kila wiki. Katika mji ambao jina lake limeandikwa mara nyingi katika taarifa za kipindupindu, ambapo dada zenu wanapanga foleni ya bidoni kabla ya jua kuchomoza, sitathubutu kumwagilia uwanja ili wageni wausifu. Mwacheni ukoka alale. Kazi ya kiangazi ni ya kujizuia: msikate, msichome moto, msifagie hadi udongo, na msiruhusu mpira kila siku mahali pamoja. Majani yakiachwa marefu kidogo hufunika ardhi, na vumbi lile mnalolilalamikia hupungua. Vumbi halikutoka kwenye nyasi, vijana. Lilitoka pale tulipozikwangua.

(Niseme neno pembeni, kwa kuwa mimi ni katekista na siwezi kujizuia. Marko, anaposimulia jinsi watu elfu tano walivyolishwa, hasahau kutaja kwamba nyasi walizokalia zilikuwa mbichi. Naye Yohana asema nyasi zilikuwa nyingi, na kwamba Pasaka ilikuwa karibu. Huko Galilaya mvua hunyesha miezi ya baridi; baada ya Pasaka jua hukausha yote. Kila nikisoma mahali hapo nawaza: aliyesimulia habari hii kwanza alikuwapo, na alikumbuka rangi.)

Mvua zinaporudi, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, hapo ndipo kazi inapoanza, nayo haiwezi kucheleweshwa. Msishike jembe siku ya mvua ya kwanza; ngojeni mbili au tatu zilowanishe udongo hadi ndani. Kisha tandazeni samadi iliyooza vizuri, nyembamba, kiasi cha kupenya kati ya majani. Samadi mbichi ya zizini huunguza, na huleta mbegu za magugu ambazo mtazing'oa mwaka mzima. Mahali palipo wazi ndipo pa kupanda vipande vya shina la ukoka vyenye vifundo viwili au vitatu, mkivipa nafasi ya shubiri moja moja, kifundo kimoja chini ya udongo na ncha nje. Ukipandwa Oktoba, kufikia Noeli utaona mashina yakishikana mikono. Chini ya mwembe msijisumbue. Ukoka hauvumilii kivuli, na miaka mitatu niliyopoteza pale yanitosha. Tuweke mabenchi, au paspalumu ile ya majani mapana ambayo huridhika na jua kidogo.

Kutoka Majilio hadi Pasaka nyasi hukua kwa haraka, na hapa ndipo kosa letu kubwa la pili linapotokea. Tunaziacha wiki tano zifike magotini, kisha kabla ya sikukuu tunakuja na mafyekeo thelathini na kuzikata hadi kwenye udongo, tukifurahia weupe wake. Kanuni ni hii: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya kimo kwa mara moja. Jani ndilo jiko la mmea. Ukimnyang'anya jiko lote, anakula akiba iliyo mizizini, na magugu yanapata jua la kuotea. Kwa fyekeo, acheni kimo cha vidole vitatu vilivyolala. Noeni kabla ya kuanza, maana fyekeo butu halikati, linachana, na kesho yake uwanja mzima una ncha za kahawia. Vilivyokatwa vikiwa vifupi viacheni palepale vioze, ndiyo mbolea ya bure. Ndago, lile gugu lenye vijivu vidogo chini, ling'oeni kwa mkono siku ya pili baada ya mvua, udongo ukiwa laini, vijivu vyake vyote vikitoka. Ukikata juu tu, umemkaribisha.

Sasa nifike mahali ninapotaka kufika. Mnakumbuka Aprili 2020, ninyi mliokuwa watoto wakati huo. Mto Mulongwe ulishuka usiku na mawe na miti, ukachukua nyumba na watu wake. Sisemi kwamba ukoka ungeuzuia Mulongwe. Habari ya mto ule inaanzia juu, katika milima iliyovuliwa misitu. Makanisa wakati huo yalikuwa yamefungwa kwa ibada kwa ajili ya korona, lakini lango letu lilifunguliwa, na jamaa nyingi zikalala uwanjani juu ya nyasi zile, chini ya maturubai, wiki baada ya wiki. Walipika hapo. Watoto walijifunza kutembea hapo. Walipoondoka, kiangazi kilikuwa kimeingia, na uwanja ulikuwa mgumu kama tofali, na madoa meusi ya mafiga kila mahali. Mtu mmoja wa kamati alisema nyasi zimeharibiwa. Nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyopaswa, kwamba nyasi hazijawahi kutumika vizuri namna ile tangu zilipoota. Nimemwomba msamaha tangu hapo, ila kwa ukali tu.

Oktoba mwaka ule tulichukua vipande vya nondo vilivyochongwa ncha, tukatoboa ardhi kwa kina cha kiganja, tundu baada ya tundu, ili maji na hewa vipite. Tukatandaza samadi. Hatukupanda hata shina moja katikati ya uwanja. Kufikia Desemba ukoka ulikuwa umechomoza kutoka chini, kwanza kando ya madoa ya mafiga, halafu ndani yake.

Fikirini basi juu ya simenti. Mvua ya usiku mmoja ikileta milimita 50, na mvua za namna hiyo tunazijua, uwanja wetu unapokea lita 30,000. Hizo ni bidoni 1,500. Leo sehemu kubwa inanywewa na udongo chini ya ukoka, na inayobaki hutembea polepole kwa kuwa majani yanaizuia. Juu ya simenti iliyolainishwa itateremka yote kwa pamoja, tena kwa kasi, hadi langoni, na ng'ambo ya lango, upande wa chini, kuna nyumba ya udongo ya mama mjane mnayemfahamu, anayetuuzia mandazi baada ya Misa. Karatasi yenu ya hesabu ilikuwa na simenti, mchanga, kokoto na ujira wa mafundi. Nyumba ile haikuwamo. Siwalaumu. Ukuta wa darasa haukuwamo katika hesabu yangu mimi, nami nilikuwa mwalimu mwenye cheti.

Kuhusu njia, mna haki kabisa. Pale watu wote wanapopita, kutoka lango hadi ngazi, hakuna ukoka utakaostahimili nyayo za Misa tatu kila Jumapili, na nimekuwa mkaidi bure kwa kuupanda tena kila mwaka. Paroko ameniruhusu niwaambie hivi: tutandike mawe bapa ya mto kwa upana wa watu wawili, tukijaza mchanga katikati ya mawe badala ya simenti, maji yapate mahali pa kushukia. Upande wa nyuma wa karatasi yenu nimeichora njia hiyo, pamoja na kona yake ya kuukwepa mwembe. Jumamosi ya kwanza baada ya mvua tatu, njoni saa kumi na mbili asubuhi. Wavulana na wasichana walete nondo zenye ncha na mafyekeo yaliyonolewa; toroli la samadi nimekwisha kuliomba. Majembe yaacheni nyumbani.