Walisema Kafulia Marekani, Kumbe Alikuwa Analaza Maua

Wale wa zamani wanamkumbuka. Kuna kipindi ukiwasha TV jioni ilikuwa huwezi kumkosa: kama hayupo kwenye video ya ufukweni, basi yupo kwenye ile ya gari jekundu. Hakuwa muimbaji, alikuwa mrembo wa kwenye video tu, lakini Dar nzima ilikuwa inamjua kwa sura. Halafu akaolewa, akapanda ndege kwenda Minnesota, Marekani, na akaunti yake ikalala.

Kimya kile kilikuja kuvunjwa na picha moja. Picha yenyewe ilimuonyesha kasimama nyuma ya meza ya kukunja, kavaa buti za mvua, kucha fupi zimejaa udongo, na mbele yake makopo ya maua yamepangwa kwa mistari. Haikuchukua hata nusu siku. "Kafulia huyo." "Yaani Marekani kwenyewe anauza maua kama wale wa kando ya barabara." "Uzuri umeenda wapi jamani?" Wengine wakaweka picha mbili pamoja, ya zamani na ya sasa, bila kuandika kitu. Kucheka tu.

Hakuna hata mmoja aliyejiuliza swali dogo: maua yale yalipitaje msimu wa baridi?

Maana Minnesota siyo mchezo. Januari kule joto linaweza kushuka mpaka chini ya nyuzi -25. Ziwa linaganda mpaka watu wanapita juu yake na magari. Sasa chukua kopo la plastiki lenye ua, liache nje hivi hivi miezi mitano, uone.

Turudi nyuma kidogo. Ndoa yake ilivunjika mwaka wa pili. Akabaki na mtoto wa kiume na kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mshahara ukiingia, kodi inachukua yake, mtoto anachukua yake, kinachobaki hakifiki Dar. Na huku Mbagala mama yake alikuwa anamsubiri. Paa lilikuwa linavuja. Masika ikianza mama anaweka ndoo katikati ya sebule, akipiga simu sauti ya matone inasikika mpaka Marekani. Mama hakulalamika, ila majirani walikuwa wanamuuliza, "Si una mtoto ulaya wewe?" Kwa uswahilini Marekani nayo ni ulaya tu.

Hapo ndo akakumbuka kitu alichokiona dukani. Kila ifikapo Septemba na Oktoba maduka ya kule yanauza maua ya kudumu kwa bei ya kutupa. Maua ya kudumu ni yale yasiyokufa moja kwa moja: majani ya juu yanakauka baridi ikija, mizizi inabaki hai, joto likirudi yanachipua upya. Kwa kuwa msimu umeisha na majani yamechoka, hakuna anayeyataka. Kopo moja dola 2. Na mwezi wa tano kuna mnada wa mimea mtaani kwake, unalipia meza dola 25 unauza vyako. Akapiga hesabu. Nunua yakiwa mabaya, uza yakichanua. Akamwambia mama, "Mwakani bati."

Mwaka wa kwanza alinunua makopo 30. Baridi ilipoanza kubisha hodi, akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: akayaingiza ndani. Akayapanga sebuleni karibu na kipasha joto, akayamwagilia kila siku, hadi mtoto akawa anayaimbia. Januari yakaamka. Furaha! Akampigia mama video kumuonyesha. Lakini machipukizi yalikuwa marefu, membamba, yamepauka kama mtu aliyetoka kuugua. Dirishani mwanga ulikuwa hautoshi, na mimea ilishadanganywa kwamba baridi imeisha. Kufika Machi zaidi ya nusu yalikuwa yamekufa. Yaliyobaki hayakutoa hata ua moja. Meza hakulipia. Masika ile ndoo ikawekwa tena pale pale katikati ya sebule.

Aliyemfumbua macho ni mzee mmoja pale kazini, aliyewahi kuishi kwa kilimo cha maua. Mzee kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kupotea. Leo anakujua, kesho anakuuliza wewe nani. Ila ukitaja maua, mzee anarudi. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Binti, umeyaua kwa huruma. Hayo yanataka kulala."

Kwetu hilo siyo geni, ni vile hatulifikirii. Mbuyu wa Dodoma wakati wa kiangazi unasimama mtupu, mgeni anaweza kuapa umekufa. Haujafa, umepumzika. Maua ya nchi za baridi nayo yako hivyo hivyo, na mengine hayachanui kabisa bila kuipata baridi yenyewe, kama wiki 10 hadi 12. Ukiyapa joto muda wote, umeyanyima saa yao ya kuhesabu.

Ila mzee akamuonya pia upande wa pili. Kuyaacha nje wazi ni kosa vilevile. Mmea ulioko shambani, ardhi inaufunika mizizi. Wa kwenye kopo unapigwa na baridi pande zote. Kibaya zaidi ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Udongo unavimba, unaisukuma mizizi juu, inakatika. Kwa hiyo unachotafuta ni sehemu ya baridi isiyobadilika badilika.

Sehemu yenyewe ilikuwa gereji. Siyo ya mafundi, ni ile ya kulaza gari, iliyoshikana na nyumba na haina kipasha joto. Mwaka wa pili akanunua makopo 60. Safari hii aliyaacha nje mpaka baridi kali ikayapiga mara kadhaa na majani yakakauka yenyewe. Akayamwagilia vizuri, akayaingiza gereji, akayasogeza ukuta wa upande wa nyumba, yamebanana kama abiria wa daladala. Juu akafunika na majani makavu. Pembeni mitego ya panya, maana panya wa kule wakikosa chakula wanamaliza mizizi yote. Gari likalala nje. Kila asubuhi akitoka kazini anakwangua barafu kwenye kioo, huku makopo yamelala pazuri.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo na ngumu: kuyaacha. Mara moja kwa mwezi anafunua, anagusa udongo. Ukiwa mkavu kabisa, anaweka kiganja cha theluji juu ya kopo, inayeyuka taratibu. Basi. Mtoto akawa anauliza, "Mama, yamekufa?" Anamjibu, "Sijui baba." Na kweli alikuwa hajui. Februari nzima alikuwa anaangalia makopo 60 ya udongo mtupu huku pesa yake ya bati ikiwa humo ndani.

Mwanzoni mwa Aprili akaona kitu chekundu kama ncha ya penseli. Kesho yake vitatu. Akaanza kuyatoa nje kidogo kidogo, kwanza kivulini, usiku wa kuganda anayarudisha. Makopo 13 hayakuamka, akayamwaga. Yakabaki 47. Siku ya mnada floksi zilikuwa zimefunguka zote, pinki mpaka kopo halionekani.

Ndiyo siku iliyopigwa ile picha.

Kwa faida ya waliocheka: siku hiyo aliuza makopo 41. Floksi 18 kwa dola 10, mengine 23 kwa dola 7. Jumla dola 341. Toa 120 za kununulia na 25 za meza, zinabaki 196. Siyo utajiri. Ila ni zaidi ya laki nne za Kibongo, na bati za sebule zimeshapigwa. Mvua ikinyesha Mbagala, simu haina tena sauti ya matone.

Floksi moja hakuiuza. Alimpelekea mzee. Mzee akaishika, akaitazama sana, akauliza nani kaileta. Akaambiwa ni yeye, na kwamba ndiye aliyemfundisha. Mzee hakukumbuka chochote. Akamvuta karibu, akamnong'oneza kama anampa siri: "Binti, baridi ikija usiiingize ndani."

Akamjibu, "Sawa mzee, nitakumbuka."

Kwenye ile picha hakuwajibu waliomtukana. Alijibu komenti moja tu, ya dada aliyeuliza yale ya pinki yanaitwaje.

Je, wewe ni kitu gani umekiua kwa huruma? Dondosha komenti yako hapo chini.