Kiinua Mgongo cha Punda

Kila mwaka sisi walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi wetu kwamba shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo tulikuwa tukiifafanua bila wasiwasi wowote hadi mwaka 2019, pale mwanafunzi mmoja wa shule yetu huku Kapchorwa, mashariki ya Uganda, aliponyosha mkono na kuuliza: “Mwalimu, na shukrani ya binadamu kwa punda ni nini?” Darasa zima liligeukia dirishani. Huko nje, chini ya mti, alikuwa amesimama Subira.

Subira alikuwa punda jike wa shule. Alinunuliwa mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka minne hivi, na kwa muda wa miaka 20 alitupandishia maji kutoka mtoni, madebe manne ya lita 20 kwa kila safari. Ugali tulioula na chai tuliyoinywa vilipikwa kwa maji aliyoyabeba yeye. Kisha shule ikavutiwa maji ya bomba, na shogi lake likatundikwa ghalani. Wakati huo mgongo wake ulikuwa umebonyea, manyoya yameota meupe palipokuwa na vidonda vya kamba, na magego yamechakaa hata akawa akitema vibonge vya nyasi asivyoweza kuvitafuna.

Ndipo akaja mnunuzi. Tangu mwaka 2016 yalikuwa yamefunguliwa nchini Kenya machinjio ya punda, na ngozi zilipelekwa Uchina, ambako huchemshwa ili kupata gundi inayotumiwa katika dawa za jadi. Mtu yule hakuuliza kama Subira angali na nguvu. Alimpapasa ngozi tu. Fedha alizozitaja zingetosha kununua vitabu vya darasa zima. Hatuna budi kukiri kwamba tulizitamani. Wapo miongoni mwetu waliosema, wala hawakukosea, kwamba mtoto asiye na kitabu ana haki kubwa kuliko mnyama mzee. Tulibishana jioni nzima. Mwishowe mkuu wa shule alitupa muda wa mwezi mmoja tumtafutie Subira makao. Tukishindwa, mnunuzi angerudi.

Mwenzetu mmoja aliyepata kuishi pwani alitusimulia habari za Lamu, ambako tangu mwaka 1987 kuna kituo cha kuwatibu na kuwatunza punda. Tulifurahi, tukafungua ramani, kisha tukaifunga kimya kimya. Baina yetu na Lamu palikuwa na nchi nzima ya Kenya.

Tukaanza kuzunguka vijiji vya jirani. Mzazi mmoja mwenye shamba alikubali upesi mno. Tulipotazama, tuliona kamba mpya na magunia yamekwisha kuwekwa tayari. “Atanisaidia kidogo tu wakati wa mavuno,” alisema. Tulimshukuru, tukaenda zetu. Mahali pa pili palikuwa na malisho mapana, lakini hapakuwa na banda wala punda mwingine. Manyoya ya punda hayazuii mvua kama ya farasi, na mvua za Mlima Elgon hazina huruma. Tena punda ni mnyama wa jamaa, aghalabu hunyong’onyea akiwa peke yake. Tulipokuwa tukilieleza jambo hilo kwa mwenye malisho tuliona haya, maana sisi wenyewe tulikuwa tumemnyima Subira mwenzi kwa miaka 20.

Zikiwa zimebaki siku nne, tulifika kwa mama mmoja mjane aliyekuwa na punda jike wake na banda la mabati. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Wanangu, mnaniletea mgeni au mfanyakazi?”

“Mgeni, Mama.”

Akacheka. “Nyinyi ni walimu, mnajua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini huyu jembe amekwisha kulishika. Mleteni apumzike.”

Tuliafikiana hivi: sisi tungechanga kila mwezi kutoka mishahara yetu pesa za pumba za mahindi, ambazo sharti ziloweshwe maji kwa sababu ya meno yake, na za mtu wa kumkata kwato. Mama angempa malisho na paa. Siku tuliyompeleka, yule punda mwenyeji alimnusa shingoni, wakasimama ubavu kwa ubavu mpaka magharibi.

Subira aliishi miaka mitatu zaidi. Alikufa mwaka 2022, akazikwa na ngozi yake. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Vitabu vya darasa lile havikununuliwa mwaka ule. Wanafunzi wanne walisoma kitabu kimoja. Hilo nalo hatulifichi. Sisi wenyewe tunakaribia kustaafu, na twakitazamia kiinua mgongo chetu kwa hamu, tukijua kwamba wapo watakaoona fedha hizo zingefaa kazi nyingine. Subira alilipwa pumba na kivuli kwa miaka mitatu, yeye aliyetubebea maji kwa miaka 20. Hatudai kuwa deni limelipwa. Lakini methali ile tungali twaifundisha, na mwanafunzi akiuliza, twajua pa kuanzia.