Kabla hujawapandisha watoto chombo

HUKU kwetu Bulla Pesa, mjini Isiolo, mtoto huyajua maji angali mdogo. Huyajua yakiwa ndani ya mtungi wa lita 20. Huyaona yakiletwa na punda alfajiri na kumiminwa kwenye pipa, na wakati wa kiangazi huyaona yakipimwa kwa kikombe. Huyajua pia kwa hofu, pale mvua inaponyesha kwingine na laga iliyokuwa kavu asubuhi ikashuka na matope, vigogo na hata mbuzi wa watu.

Kwa hivyo usishangae, mpenzi msomaji, kwamba nilicheka kifungua mimba wangu wa miaka minane aliponiambia kuwa likizo ikifika anataka kupanda meli. Alikuwa ameiona kwenye runinga nyumbani kwa jirani. Meli yenyewe ilikuwa ndefu kama mtaa mzima, ina vidimbwi vya kuogelea juu kwa juu na watoto wa Kizungu wakiteleza ndani yake. Mdogo wake wa miaka minne alitazama mawimbi yale, kisha akaniuliza, "Mama, hayo maji yote aliyateka nani?"

Kicheko changu kilikatika baba yao, ambaye ni dereva wa lori katika barabara ya Moyale, alipoingilia kati na kusema, "Tutaenda." Wahenga walisema ahadi ni deni. Mtoto naye ni mdai asiyelala.

Huenda nawe, msomaji, unadaiwa deni kama hilo nyumbani kwako. Leo basi nataka nikueleze tulivyolilipa, na makosa ambayo nisingependa uyarudie.

Meli kubwa zina nini?

Nilianza kwa kuulizia zile meli kubwa za kitalii. Ni kweli kwamba zinafika Kenya. Bandari ya Mombasa ina kituo maalumu cha abiria wa meli hizo, na Januari 2023 meli ya Norwegian Dawn, ambayo hubeba abiria zaidi ya 2,000, ilitia nanga pale. Lakini aghalabu wanaozipanda ni wageni waliolipia safari ya siku nyingi huko kwao, na Mombasa kwao ni kituo kimoja tu njiani.

Si gharama peke yake iliyonizuia. Kampuni nyingi za meli hizo hazimkubali mtoto aliye chini ya miezi sita, na katika safari za kuvuka bahari kuu humtaka awe ametimiza mwaka mmoja. Halikadhalika, watoto hugawanywa kwa umri na kupelekwa kwenye vyumba vyao vya michezo chini ya walezi, ilhali wazazi wanaendelea na yao kwingine. Kuna mzazi atakayefurahia mpango huo, nami simlaumu, kwani kupumzika si dhambi. Ila kwa mtu ambaye mumewe hushinda barabarani wiki nzima, kusafiri mbali hivyo ili watoto wakacheze na walezi kungekuwa sawa na kununua ngoma kisha umwachie jirani aipige.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalokusihi ulitafakari. Usiulize tu chombo kina nini. Jiulize wewe na mtoto mtafanya nini pamoja mkiwa ndani yake.

Jaketi lililovuka kichwa

Jambo la pili nililijua kwa uchungu. Mwezi wa Agosti tuliamua kufanya jaribio kwanza katika ziwa moja la Bonde la Ufa, ambalo sitalitaja jina ili nisiwaharibie kazi walio waaminifu. Tulifika saa nne asubuhi. Watoto walikuwa wakirukaruka kwa furaha. Mwenye boti alitugawia majaketi ya kuokolea maisha, yote ya watu wazima. La mwanangu mdogo lilimfika magotini.

Nililishika jaketi lile mabegani nikaliinua juu. Lilivuka kichwa cha mtoto likabaki mikononi mwangu, naye akabaki amesimama chini akinitazama. Nikajua kwamba maji yangemtenda vivyo hivyo. Jaketi lingeelea na mtoto angezama.

"Mama, maji ya hapa hayana shida," yule bwana akaniambia. "Nimepeleka watoto wengi hapa."

Tulirudi garini. Mdogo alilia hadi usingizi ukamchukua. Mkubwa hakulia, lakini hakuniongelesha hadi tulipovuka Nanyuki, na baba yao alikuwa akinitazama kwenye kioo kama mtu asiyejua kama mkewe ni mwoga au ni mwerevu. Nilijiuliza swali hilo hilo.

Jibu liko katika historia yetu. Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilizama Mombasa ikiwa imepakia kuliko uwezo wake, na watu 272 wakafa umbali mfupi tu kutoka nchi kavu. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Wengi wa waliokufa katika mikasa kama hiyo walikuwa watu waliozoea maji. Sisi wa Bulla Pesa, ambao hata mzee wa nyumba hajui kuogelea, tuna nini cha kujitapia?

Jaribio lile la kuinua jaketi, msomaji, ni la bure na huchukua muda mfupi tu. Lifanye ukiwa nchi kavu. Jaketi la mtoto linapaswa kulingana na uzito wake, lifungwe vifungo vyote, na lile la mtoto mdogo kabisa liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisipande juu. Ukiambiwa hakuna la kumtosha, hakuna safari. Mtoto atalia leo, kesho atasahau.

Njia ya kwenda pwani

Desemba ilipofika tulifunga safari ya Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, ambako vyombo huondoka kwenda kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite. Nilichagua Desemba kwa sababu. Kati ya mwezi wa nne na wa tisa hivi pepo za kusi huvuma na bahari huchafuka, hasa mwezi wa sita na wa saba. Kaskazi inapoanza kuelekea mwisho wa mwaka, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kwa bahati nzuri, likizo ndefu ya shule huangukia majira hayo hayo.

Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni kama kilomita 280, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Usijaribu kuzimaliza kwa siku moja ukiwa na watoto. Tulilala Nairobi kwa shangazi yao, kesho yake tukapanda gari la moshi la SGR, lililoanza kubeba abiria mwaka 2017. Watoto walipita Tsavo wakiwa wamebandika nyuso dirishani, wakihesabu ndovu.

Mombasa tulivuka Likoni kwa feri. Anayevuka kwa miguu halipi chochote, na hapo ndipo unapoweza kumpima mtoto wako kabla hujatoa pesa kwingine. Je, anaogopa chombo kikitikisika? Anatii akiambiwa asikaribie ukingoni? Anatapika? Mkubwa wangu alisimama kama nahodha. Mdogo alinishika sketi kwa mikono miwili hadi ng'ambo. Baba yao, anayeendesha lori la magurudumu 22 bila wasiwasi, alishika chuma cha feri hivyo hivyo.

Maswali ufukweni

Shimoni tulikuta vyombo vya kila namna, vikubwa vya kampuni na mashua za wenyeji. Mimi nilikwenda na maswali yangu. Je, kuna majaketi ya watoto, na naweza kuyaona kabla ya kulipa? Chombo kimeruhusiwa kubeba watu wangapi, na leo kitabeba wangapi? Mtambo ukizima, kuna wa pili au kuna tanga? Kuna kivuli? Kuna choo, na kama hakuna, tutatua nchi kavu baada ya muda gani? Na la mwisho: mtoto akishindwa katikati ya safari, mtarudi?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotupatia nahodha wetu, mzee mwenye ndevu nyeupe. Mwingine alikuwa ameniambia kwamba ratiba ni ratiba. Mzee huyu alimtazama mdogo wangu, akapokea shikamoo yake, kisha akasema, "Mama, bahari haikimbii. Mtoto akikataa tunarudi, kesho tunakuja tena." Akatoa majaketi mawili madogo. Nikayainua mabegani, watoto wakainuka nayo. Nikalipa.

Hifadhini Kisite ada hutozwa na shirika la wanyamapori, na mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Beba kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Beba pia maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na mashati ya mikono mirefu, kwa maana jua la baharini hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Asubuhi wape watoto chakula chepesi kisicho na mafuta. Waketishe katikati ya chombo, panapotikisika kidogo zaidi, na uwaambie watazame mbali pale mbingu zinapokutana na bahari.

Kazi ya kila mmoja

Baada ya kutoka nje ya mkondo, mzee alizima mtambo na kupandisha tanga. Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nikikitafuta tangu siku ile ya runinga. Kila mmoja wetu alipewa kazi. Baba na mkubwa walivuta kamba pamoja na baharia. Mimi nilipewa nitazame maji upande wa kulia. Mdogo, ambaye alikuwa hajaniachilia sketi, aliitwa tezini akawekewa mkono juu ya usukani, mkono wa mzee ukiwa juu ya wake.

Sketi yangu ikaachwa.

Pomboo walitokea muda mfupi baadaye, wanne au watano, migongo yao ikipanda na kushuka. Nahodha hakuwafukuza. Alituambia ukiwakimbiza hupotea, ukitulia huja wenyewe. Baba wa watoto alipiga kelele kabla ya mtoto yeyote. Dakika chache baadaye alitapika, na mkubwa akamshikia kichwa, jambo ambalo amelisimulia mtaani mara nyingi kuliko habari za pomboo.

Kwenye mwamba, mkubwa alivaa miwani ya majini akaelea kando ya baharia, akiinua kichwa kila mara kututangazia rangi za samaki. Mdogo alikataa kuingia, nasi hatukumlazimisha. Tulikaa naye kwenye ngazi ya chombo, miguu majini, tukiwatazama samaki kwa chini. Mtoto wa miaka minne hahitaji kilindi. Anahitaji ngazi na mtu wa kukaa naye.

Mchana tulitua Wasini, tukala samaki kwa wali wa nazi, kisha tukapita kwenye njia ya mbao iliyojengwa juu ya bustani ya matumbawe ya kale, inayosimamiwa na kina mama wa kijiji. Maji yakipwa unatembea juu ya mawe yenye maumbo ya ajabu, na kaa wanakimbia chini ya miguu yako. Kufikia saa tisa watoto walikuwa wamechoka, tukarudi. Siku nzima baharini kwa watoto wadogo ni ndefu mno. Nusu siku hutosha na kubaki.

Zawadi ya nyanya

Na wewe usiye na nauli ya pwani usikate tamaa. Wafundishe wanao adabu ya maji palipo karibu nawe. Ila nakuonya kuhusu Ewaso Nyiro, hapo juu tu Archers Post. Mto huo una mamba, na mafuriko yake ya Machi 2010 yalizoa hata kambi za watalii kule Samburu. Huo ni wa kutazamwa kutoka ukingo ulio juu, mkono wa mtoto ukiwa ndani ya mkono wako.

Kabla hatujaondoka Shimoni, mdogo alijaza chupa maji ya bahari ili ampelekee nyanya yake. Aliibeba mwenyewe kwenye feri, kwenye gari la moshi na kwenye matatu hadi Bulla Pesa, akikataa kumwachia mtu. Nyanya alifungua, akaonja, akatema.

"Mmesafiri mbali kote huko," akasema, "mkaniletea maji ya kulambisha mbuzi?"

Tulicheka hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Lakini chupa hiyo hakuimwaga. Ingali juu ya kabati lake, na kila mgeni akifika, mdogo huitwa aeleze yale maji yalitoka wapi na nani aliyeshika usukani.

Nakutakia likizo njema, msomaji, na usisahau kuinua jaketi.