Kasi ya Me 262, na aibu yangu ya Jumatatu

Nimekuwa kimya wiki mbili. Programu niliyoandika ya kupokea malipo ya wateja ilianguka Jumatatu ya kwanza, dakika chache baada ya ofisi kufunguliwa. Kwenye majaribio ilikuwa ikienda kama umeme!

Usingizi ulinipaa, nikawa nasoma usiku habari za Messerschmitt Me 262, ndege ya Ujerumani iliyoingia vitani mwaka 1944. Ndiyo ndege ya kwanza ya kivita ya jeti kutumika vitani. Ukiiangalia kwenye karatasi utaipenda: kasi ya kilomita 870 hivi kwa saa, wakati Mustang ya Marekani ilifika kama 700. Puani ilibeba mizinga minne ya milimita 30.

Lakini tazama injini. Tarehe 25 Machi 1942 rubani Fritz Wendel aliijaribu na jeti mbili za BMW, zote zikazimika. Kilichomwokoa ni injini ya kawaida ya rafadha iliyokuwa bado puani. Tarehe 18 Julai mwaka huo akaruka kwa jeti pekee, aina ya Junkers Jumo 004.

Hizo nazo zilikuwa na donda lao. Ujerumani ilikuwa na uhaba wa nikeli na kromiamu, madini yanayosaidia chuma kustahimili moto mkali. Mafundi wakatumia chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Matokeo? Injini ilidumu saa 10 hadi 25 hivi. Tena rubani alilazimika kuongeza mafuta polepole. Akiharakisha, injini inazimika au inashika moto.

Marubani wa upande wa pili waliligundua hilo. Kwa nini uifukuze ndege usiyoweza kuifikia? Waliivizia karibu na uwanja, ikiruka au ikitua, wakati haina kasi wala haiwezi kuipata upesi.

Na wanaoisifu mno wakumbuke jambo moja: sehemu za ndege hizo ziliundwa na wafungwa wa kambi za mateso, kama Gusen kule Austria. Wengi walifia huko.

Sasa mnaelewa kwa nini sikulala. Nilipima programu yangu ikiwa tayari angani. Sikuipima ikiruka, yaani asubuhi ile watu wote wanapoingia kwa pamoja na kumbukumbu ya seva ikiwa bado tupu. Ile namba nzuri niliyomwonyesha mteja ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ukweli wote.

Kesho nina kikao naye. Nitamweleza hivyo hivyo, bila kusingizia seva. Akinifuta kazi, mtasoma hapa hapa.

Haya, tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.