Nyota na Sheria Zake

Neno astronomia, lililoazimwa na lugha nyingi za ulimwengu, asili yake ni Ugiriki ya kale. Ndani yake mna maneno mawili: astron, yaani nyota, na nomos, yaani sheria au desturi. Hili la pili lilitoka katika kitenzi chenye maana ya kugawa, kumpa kila mmoja fungu lake. Basi jina lenyewe lina dai kubwa, kwamba nyota haziendi ovyo.

Wagiriki walikuwa pia na jina astrologia, lenye logos ndani yake, yaani maelezo. Plato alisema astronomia. Mwanafunzi wake Aristotle, kwa elimu ile ile, alisema astrologia. Siku hizi la kwanza ni la wataalamu na la pili ni la watabiri, bali zamani hizo yalichanganyika. Kwetu nako, falaki ni elimu ya nyota, na papo hapo mwenye kutazamia bahati husemwa kuwa anapiga falaki.

Mchanganyiko huo umepata kuua watu. Mwaka 413 kabla ya Kristo jeshi la Athens, lililoshindwa kuuteka mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, lilikuwa tayari kuondoka kwa merikebu. Usiku ule mwezi mpevu ukapatwa. Askari wakaingiwa na hofu, na jemadari Nicias, aliyewaamini mno watabiri, akakataa hata kujadili safari kabla ya siku 27 kupita. Adui hakungoja. Aliishinda merikebu kwa merikebu na kuuziba mlango wa bandari. Nicias aliuawa, na mateka wasiopungua 7,000 wakatiwa katika machimbo ya mawe, juani mchana na baridini usiku, kwa chakula kidogo mno. Katika wengi waliotoka Athens, wachache tu walirudi kwa wake na watoto wao.

Nayo sheria ya jambo lile ilikwisha kujulikana! Anaxagoras, aliyeishi Athens kabla ya vita hivyo, alikuwa ameeleza kwamba mwezi hupatwa dunia inapoukinga na mwanga wa jua. Maelezo yake hayakuwa yameenea kwa watu.

Plato alikuwa kijana mdogo wakati huo. Baadaye, katika kitabu chake Jamhuri, alimweka mzungumzaji asemaye kwamba kujua majira, miezi na miaka kwamfaa jemadari sawa na mkulima na baharia.