Kiwavi wa Kilosa juu ya paa la Guangzhou

Juu ya paa la jengo ninalokaa hapa Guangzhou, bibi wa ghorofa ya tano amepanda mahindi matamu kwenye masanduku ya zamani ya samaki. Mwezi wa tano aliniita nikayaone. Majani yalikuwa na matundu, na moyoni mwa mmea, pale majani machanga yanapojikunja, palijaa uchafu kama unga wa mbao.

Uchafu ule niliwahi kuuona mwaka 2017, kwenye picha aliyonitumia mdogo wangu kutoka shamba la mama, Kilosa. Nilikuwa nasomea digrii ya uuguzi. Mama akauliza, "Mwanangu, wewe umesoma, hawa ni wadudu gani?" Picha ilikuwa na ukungu, na kesho yake nilikuwa na mtihani. Nikamjibu: ni viwavijeshi, mama, watapita. Wale tuliowazoea huja kwa makundi, wakala majani, wakahama. Mama akangoja. Shamba lililozoea kutoa magunia manane likatoa mawili.

Walikuwa viwavijeshi vamizi, wenyeji wa nchi za joto za Amerika, waliogunduliwa Afrika mwaka 2016. Hawa hawapiti. Huingia moyoni mwa mmea wakakaa humo, na dawa inayonyunyiziwa juu ya majani haiwafikii kirahisi.

Ningeomba picha nyingine, ningewatambua. Kiwavi aliyekomaa ana usoni mstari mweupeupe wa herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Tena humkuti na kundi. Yai hutagwa pamoja na wenzake mia au mia mbili, yamefunikwa manyoya kama pamba chafu, lakini viwavi wakikua wanakulana, na katika mmea mmoja utakuta mmoja, pengine wawili.

Akishiba hushuka udongoni, akawa bundo, akatoka nondo (si nondo za ujenzi) wa kijivu na kahawia. Dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa. Kwenye joto, tangu yai hadi nondo ni kama mwezi mmoja. Nondo huyo akipata upepo anaweza kuruka kilomita mia kwa usiku mmoja. Wachina waligundua ameingia Yunnan Januari 2019, na mwaka huohuo akafika Guangdong. Baridi ya huku kusini si kali ya kumwua, basi huzaa mwaka mzima. Jina lake la Kichina, ukilitafsiri neno kwa neno, ni nondo mlafi wa usiku wa mbugani. Wamempatia kweli.

Safari hii nilipiga picha safi, uso na mkia, nikamtumia mama. Alicheka. "Huyo tumeshazoeana. Namtilia majivu moyoni, na mayai nayaponda kwa vidole." Mbinu hizo alifundishwa na jirani yake wa shamba, si na mimi.

"Mwambie huyo bibi akague alfajiri," akaongeza, "jua likipanda wanajificha."

Nilimtafsiria bibi. Akaniuliza mama yangu ana shamba la ukubwa gani. Nikasema ekari moja. Akatazama masanduku yake sita, kisha akaenda kutafuta majivu.