Thumuni ya Paa

Babu alipofariki aliacha mjane mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Hesabu ya mirathi yake ni nyepesi, ya aina ambayo mwalimu wa chuo angeitoa kama mfano wa siku ya kwanza. Mjane, kwa kuwa marehemu ana watoto, hupata thumuni, yaani sehemu moja kwa nane. Saba zinazobaki ni za watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Wawili wa kiume wakachukua manne, mabinti watatu wakachukua matatu. Kila fungu likawa thumuni kamili, bila desimali.

Alichoacha ni nyumba. Ina ghorofa mbili, ipo Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, na kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala dirishani. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza thumuni yake ipo wapi, kama ni kwenye ngazi au kwenye mlango. Paa lilipoanza kuvuja, ndipo kila mtu alipojua sehemu yake, kwa sababu paa lina bei.

Paa lenyewe ni la sakafu, tambarare. Mapaa mengi ya Mji Mkongwe yalishafunikwa kwa mabati ya mteremko zamani, letu limebaki. Chini kabisa zimepangwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga maisha ndani ya nyumba hizi: vyumba ni virefu na vyembamba, upana kama mita tatu hivi, kwa kuwa mti hauwezi kubeba zaidi ya hapo. Juu ya boriti hulazwa mawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, kisha hupigiliwa kwa vipande vya mti siku baada ya siku mpaka ishikane. Chokaa haikauki kama saruji. Inakuwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, wiki nyingi, na haitaki mvua ya kishindo wala jua kali kabla haijakomaa. Kwa hiyo kazi hii ina msimu wake: baada ya masika, kabla ya vuli.

Mafundi watatu walipanda juu, wakapima mita za mraba 90, wakatoa makadirio matatu.

Wa kwanza alitaka kufunika kwa mabati kwa shilingi milioni 9.6. Thumuni yake ni milioni 1.2. Alisema kweli kwamba ndiyo njia ya haraka. Lakini boriti zilizooza zingebaki zimeoza chini ya bati, na bati lenyewe hapa hatua chache kutoka baharini halidumu kama linavyodumu bara. Chumvi haihitaji kuguswa na wimbi. Inakuja na upepo.

Wa pili alitaka kubomoa yote, kumwaga zege la nondo na kulifunika kwa karatasi za lami. Milioni 20, thumuni milioni 2.5. Hili ndilo wengi wetu tulilipenda kwanza, kwa sababu neno zege lina sauti ya mwisho wa matatizo.

Wa tatu, mzee aliyejifunza kazi kwa baba yake, alisema sakafu irudishwe sakafu. Boriti mbovu zitolewe, ziwekwe mpya, chokaa ipigiliwe upya. Milioni 28, thumuni milioni 3.5.

Nilimuuliza kwa nini nimlipe milioni nane zaidi ya mwenye zege. Hakumsema vibaya mwenzake. "Zege litakupa miaka, bibie," alisema. "Ila likianza kuoza hulioni. Linaozea ndani."

Nilikwenda kusoma, nikakuta maneno yake yana kemia. Chumvi ya bahari hupenya zege taratibu mpaka kwenye nondo. Nondo ikipata kutu hutanuka, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege hupasuka kutokea ndani. Ufa ukipatikana, maji na chumvi huingia kwa urahisi zaidi. Fundi akitumia mchanga wa pwani usiooshwa, ugonjwa huo unakuwa umechanganywa humo tangu siku ya kwanza. Karatasi za lami nazo huliwa na jua, na zikipasuka hufungia maji chini yake. Chokaa ina udhaifu wake, lakini udhaifu wake unaonekana: ufa unauona ungali mdogo, unauziba kwa chokaa nyingine, na ukuta unaendelea kupumua.

Bibi hakuhitaji kemia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Tangu siku hiyo, kila vumbi la chokaa linapodondoka juu ya chandarua chake, Bibi hunyanyuka akakaa kitandani akisikiliza.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa lile neno "ghali". Ninasoma uchumi, shahada ya uzamili, na tumefundishwa kuuliza kila gharama inaangukia kwa nani. Babu alizoea kusema kwamba zamani sakafu ilikuwa rahisi. Rahisi kwa nani? Nyumba nyingi kubwa za mji huu zilisimama katika karne ya 19. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa mwaka 1897. Mikono mingi iliyobeba mawe na kupigilia chokaa juani haikuulizwa bei yake. Mzee fundi anapodai ujira kwa vijana wanane watakaopigilia siku kadhaa, hajapandisha gharama ya kitu chochote. Ameiandika tu palipokuwa wazi.

Na humo humo ndani ya nyumba palikuwa na pengo jingine katika daftari. Mama mkubwa, binti wa kwanza, ndiye aliyebaki kuishi na Bibi. Kwa miaka 19, kila masika yakiisha, alipanda juu na ndoo. Aling'oa miche iliyoota kwenye nyufa, maana mzizi wa mche mdogo huvunja sakafu kuliko mvua. Alizibua milizamu ili maji yasisimame. Alijaza nyufa, akapaka chokaa upya, siku tatu mfululizo. Magoti yalipomshinda, miaka minne iliyopita, hakuna aliyepanda badala yake. Masika ya pili baada ya hapo, paa likaanza kuvuja.

Nikapiga hesabu. Kwa bei za leo, chokaa na kibarua wa siku tatu ni kama shilingi 250,000 kwa mwaka. Miaka minne ya kutofanya kitu ilituokolea milioni moja, na sasa tunatafuta 28. Miaka yake 19 ni milioni 4.75. Thumuni yake ni milioni 3.5. Nilipomwonyesha, alicheka.

"Hebu niache mie, mwanangu. Nani analipwa kwa kupaka nyumba ya baba yake?"

Lakini katika kikao cha familia, kilichofanyika kwa simu, mama aliisoma hesabu ile mbele ya wote. Mjomba mkubwa, aliyepo Muscat, alinyamaza kwa muda, kisha akasema dada yake ahesabiwe ameshalipa. Akasema pia kwamba bangili za Bibi zisiuzwe, thumuni ya mama yake ataitoa yeye pamoja na zake mbili. Hiyo ni milioni 10.5. Mama mdogo, aliyeko Tanga, ametuma milioni 2 na ameahidi nyingine 1.5. Mjomba mdogo, mwenye thumuni mbili, anasema nyumba iuzwe. Mnunuzi wa hoteli yupo, na thumuni za kuuza ni kubwa kuliko za kujenga. Sioni kwamba ni mtu mbaya. Ana kodi ya nyumba Dar es Salaam na watoto wanne, na haki yake ni haki.

Mama alitoa milioni 3.5 zote. Hakuniambia zimetoka wapi, lakini najua mshahara wa mwalimu, na najua kiasi hicho kinakaribiana na ada yangu ya mwaka wa pili. Chuo kinaruhusu kulipa kwa awamu. Ninafundisha hesabu jioni, wanafunzi sita, na awamu ya kwanza imepatikana.

Zilizo mkononi ni milioni 16. Kuhesabiwa kwa mama mkubwa ni heshima anayostahili, lakini heshima hainunui boriti, kwa hiyo milioni 3.5 zake ni pengo letu sote. Mzee fundi amesema milioni 16 zinatosha upande wa chumba cha Bibi, na upande wa pili utafunikwa kwa turubai mpaka mwakani. Boriti zimeshafika, zimelazwa kwenye uwanja wa ndani. Kazi itaanza Julai, na watakaopanda na ndoo masika ya mwakani wameshaandikwa kwa zamu. Jina la kwanza ni langu, la pili ni la mtoto mkubwa wa mjomba mdogo, ambaye ameomba mwenyewe, baba yake bado hajajibu.